Ukungu

Mnunuzi katoka Mbeya na basi la alfajiri,
bwana Ngailo, ana tochi ndogo na kitambaa laini.
Njombe leo haina mlima wala barabara,
nyeupe hadi kizingitini.

Anaiweka Yashica ya baba juu ya gunia la viazi,
anachungulia, anabinua mdomo:
"Lenzi ina ukungu, dada. Hapo toa laki mbili."

Nilitaka kumwambia: huo ni wa hapa hapa,
uliingia miaka ile ya harusi za Uwemba,
ya komunio na picha za kadi za chama,
baba akirudi koti limelowa,
kamera kaificha kwapani kama kifaranga.
Lakini mimi nauza. Muuzaji hasimulii.

Anahesabu kasoro. Ngozi imebanduka.
Mita ya mwanga imekufa.
Spidi ya chini inasita, kama mtu aliyesahau jina.
Hakupahesabu pale palipong'aa,
kidole gumba kilipokaa miaka ishirini na sita.

"Ngoja nisikie mlio wake," akamlenga mama
aliyekuwa akichambua maharage.
Mama akasukuma ungo pembeni,
akafunga kilemba upya, akanyoosha shingo,
akabana pumzi.

Kacha.

Haikuwa na mkanda, nikamnong'oneza baadaye,
noti bado mkononi.
"Najua," akasema, akivuta ungo wake.
"Hata baba yako, mkanda ukimwishia
na foleni bado ndefu,
aliwapiga hivyo hivyo.
Wakaenda zao wamependeza."