Fungu la Kumi

Kila bendi iliingia uwanjani na mia.
Hakuna aliyeanza na sifuri, hilo lieleweke.
Mia kamili, kama mtoto aliyetoka kubatizwa,
kisha sisi watu wa kalamu tukaanza kupunguza.

Mimi nilikuwa karani wa makosa, Nyamagana,
mashindano ya bendi za ngoma, miaka ile ya suruali pana.
Mwamuzi wa sauti alikaa kivulini na soda yake.
Mimi nilitembea katikati ya safu, sikio kwenye ngozi,
na kila kijiti kilichochelewa nikakitilia mkwaju:
fungu la kumi la alama.

Sheria zilikuwa kurasa mbili za stensili, wino wa zambarau.
Kofia ikianguka, robo.
Kijiti kikianguka, nusu.
Ukiinama kukiokota, nusu nyingine.
Usipokiokota, umesimama bila silaha: nusu vilevile.
Nilimuuliza Bwana Lugembe, aliyezitunga,
sasa mtoto afanye nini?
Akasema, asikiangushe.
Kuvuka chokaa kabla ya filimbi, mbili.
Kuchelewa, moja kwa kila dakika,
na saa ni ya meza ya waamuzi, si ya Mungu.
Bendera kugusa ardhi, tano.
Tano, hata kama ni ardhi iliyopanda.

Mwaka mmoja bendi ya Nansio ilichelewa dakika kumi na moja.
Meli ilikuwa imengoja magunia ya mihogo.
Walitoka bandarini mbio, ngoma zikiwapiga magotini,
viatu vimepakwa chokaa ya ukutani,
wakasimama mstarini wakiwa na themanini na tisa
kabla hawajapiga hata pigo moja.

Wakapiga.
Karatasi yangu ilikuwa na Usawa, na Mwendo, na Nidhamu.
Haikuwa na kisanduku cha nywele kusimama.

Ndipo visubi vikaja kutoka ziwani,
moshi usio na moto, ukipita juu ya mapaa ya Kirumba,
vikaingia puani, vikaingia kolani,
vikagandia ngozi za ngoma
hadi sauti ikawa ya mtu anayesema ndani ya unga.
Pasiansi walikuwa wameshamaliza, hewa ikiwa safi.

Msichana wa ngoma kubwa, Nyangeta, akakohoa.
Fungu la kumi. Nikatia mkwaju.
Akakohoa tena, safari hii juu ya pigo la nne,
akalirudia, akalikalia,
na wenzake wakamfuata, safu kwa safu,
ta, ta, ta, kho,
ta, ta, ta, kho,
hata wauza karanga wakasahau kurudisha chenji.

Sheria ilisema: sauti isiyo ya ala ni kosa,
kwa kila mpigaji, kwa kila mara.
Wapigaji ishirini na wanne. Mara kumi na sita.
Nilihesabu. Niliitwa pale kuhesabu.
Thelathini na nane nukta nne.

Walirudi kisiwani na hamsini na nusu, wa mwisho.
Hakuna aliyekata rufaa.
Rufaa ilikuwa shilingi ishirini, na nauli walikuwa wamekopa.
Nyangeta alinipita langoni, amebeba ngoma kichwani,
akaniamkia. Shikamoo, karani.
Hapo pia nilikuwa na kalamu mkononi.

Siku hizi wanaanzia sifuri, wanajumlisha.
Mjukuu wangu Masalu, mpiga tarumbeta wa Nyakato,
anasema ndiyo haki.
Labda. Mimi sifuri inanitisha;
angalau sisi tulimdhania kila mtoto kuwa mzima
mpaka atuoneshe vinginevyo,
au mpaka tumtafute, na tulimtafuta.

Aliyeshinda mwaka ule simkumbuki.
Tisini na mbili na kitu.
Lakini visubi vikipanda jioni, nikiwa nafunga dirisha,
huwa nakohoa,
nangoja moja, mbili, tatu,
na mkono wangu, bila kutumwa,
unapapasa mfuko wa shati.