Swali la Nne

Saa tano usiku, Bugarika. Mtandao
unashika juu ya jiwe la jirani tu,
nami nimeketi hapo, kanga mabegani,
simu ina asilimia kumi na moja.

Mwalimu yuko nchi ya theluji.
Anauliza: kwenu mnakula samaki gani?
Naandika dagaa. Naandika furu,
ingawa furu nilimla mwisho kwa bibi Ng'wasi,
kabla sijang'oa meno ya utoto.

Swali la nne: kokotoa nishati
ya mwanamke, kilo arobaini na saba,
anayekesha wodini.
Nakokotoa.
Nafuta, nakokotoa tena.

Leo nimewapimia uji wagonjwa tisa
kwa mililita.
Mwenyewe chai. Kavu.

Bando likaisha.
Nikateleza jiweni kwa makalio,
nikabandika sufuria.