Daftari la Bondeni

Daftari la kwanza limeandikwa kwa penseli,
mwandiko wa Suud bin Haroub, karani wa stoo:
"Al-Khoudh, Novemba sabini na nne. Watu kumi na watatu.
Mpira mmoja, umetoka Dubai, umelipiwa nusu."
Chini yake: "Mawe."
Mbele ya mawe hakuweka idadi.

Siku arubaini waliokota mawe ya wadi,
kila alasiri, kanzu zimefungwa kiunoni,
wakayapanga pembeni yakawa ukuta,
ukuta ukawa jukwaa, jukwaa likapata mwenyewe:
Bi Shinuna na birika lake.
Yeye ndiye aliyezitumbukiza fulana nyeupe
katika sufuria ya bluu ya kufulia,
maana rangi ya dukani ilikuwa ghali.
Mechi ya kwanza jasho likaiteremsha jezi.
Wakarudi majumbani vifua vya buluu, mikono mitupu:
saba bila.
Suud kaandika: "Upepo."

Ukurasa wa tisa mchwa wameula nusu.
Iliyobaki inasema joto,
inasema walicheza baada ya Isha
kwa taa za Datsun ya baba yangu, Msabah,
na kipindi cha pili kilikwisha betri ilipokwisha.
Walioshinda na walioshindwa wakaisukuma pamoja
hadi kwenye lami, wakibishana
kama lile lilikuwa goli.
Bado hatujaamua.

Ugomvi sitauficha, umo kwa wino mwekundu.
Themanini na sita: waliotoka Unguja wakataka nahodha wao,
waliotoka Bujumbura wakamtaka Zahran,
aliyeuita mpira balo,
na pasi zake zikisema sawasawa kuliko sisi sote.
Mtu akatia neno juu ya lafudhi ya mwenzake.
Miezi mitano tukawa timu mbili, kiwanja kimoja,
chokaa ikipigwa mara mbili juu ya mstari uleule.
Hakutupatanisha mtu. Tulihesabu tu:
kila upande ulikuwa na watu tisa.

Fomu ya usajili ilitaka jina la Kiarabu.
Kwenye muhuri tukawa Al-Wadi.
Uwanjani tulibaki Bondeni,
na Kiswahili kikawa mchezaji wa kumi na mbili:
"Mtu!" tulipiga kelele, "mtu nyuma!"
na Wabaluchi wa Mawaleh hawakujua tunaonyana nini
mpaka walipooa kwetu.

Juni, elfu mbili na saba, kimbunga.
Wadi ikaja kudai mawe yake.
Ilichukua ukuta, magoli, chumba cha jezi.
Mwamba mmoja wa goli ulionekana pwani ya Sib
siku ya nne, umevikwa pazia la mtu.
Suud alikuwa ameshaanza kutembelea mkongojo.
Aliomba daftari, akaandika, safari hii kwa kalamu:
"Mawe."

Kopo la Nido la hazina nimelirithi mimi, Thuwein,
mweka hazina wa nne, deni la kudumu.
Tunakodi nyasi za plastiki, riyali kumi na tano kwa saa,
chini ya taa zisizohitaji kusukumwa.
Vijana wanabishana kwa Kiarabu
na kutukanana kwa lugha ya simu zao.
Kipa wetu, Shafiqul, ametoka Sylhet,
fundi wa viyoyozi; kwa mipira ya juu hana mfano.

Ijumaa iliyopita mjukuu wa Suud kapokea mpira
kichwa chini, beki anamjia mgongoni,
na kutoka golini, mbali kule, Shafiqul akapiga yowe:
"Mtu!"
Kijana akageuka, akapenya, akafunga.

Tukihesabu chupa za maji nikamuuliza
lile neno maana yake nini.
Akafikiri, maji yanamchuruzika kidevuni.
"Maana yake," alinijibu kwa Kiarabu, "angalia nyuma."

Sikumsahihisha. Nilifungua daftari, nikaandika:
mbili kwa moja.
Hakukuwa na upepo.