Marekebisho Madogo

Mimi ndiye katibu.
Kwaya ya shule na Klabu ya Kilua,
vikao viwili, daftari moja, kalamu ya kukopa.

Januari. Waimbaji: thelathini na wawili.
Mwalimu Mumba alipita safu kwa safu,
sikio kalitega kama mama anayenusa maziwa ya jana.
Akanifikia, akapita, akarudi.
"Haluwa," akasema kwa upole, "una sura ya kuimba.
Simama safu ya tatu. Mdomo ufungue.
Sauti iache bwenini."
Hilo sikuliandika.

Februari, klabu. Cherehani mbili:
moja haina sindano, moja haina mkanda.
Tukashona sodo kwa mkono, kwa kanga kuukuu za mama zetu.
Kipande cha Swabaha kilikuja na maandishi, HASIDI HANA,
na SABABU ikamwangukia Nyevu.
Tulicheka hadi matroni akaja na tochi.
Tukaanzisha kisanduku, shilingi kumi kumi.
Mwisho wa Machi: mia nne na themanini,
na kifungo kimoja cha shati.
Aliyekitia hakujitaja.

Aprili Sabaki ikashuka nyekundu,
bahari ya Malindi ikawa chai ya maziwa,
na mvua ikalipiga bati la bwalo
hata soprano wakawa midomo mitupu kama mimi.
Siku hiyo niliimba.
Kwa kifua chote, nikijua hakuna atakayejua.
Umazi, jirani yangu, hakugeuka.
Alinigusa tu mguu kwa kidole gumba,
mara mbili,
kama mtu anayebisha hodi.

Juni, kaunti ndogo: wa kwanza.
Kilifi: wa pili.
Julai, Mombasa, ukumbi wenye feni kumi na mapazia mekundu,
Dzame kavaa viatu vya dadake, gazeti limejaa vidoleni.
Nilikuwa samaki aliyepakwa mafuta ya nazi.
Kila neno nilikuwa nalo, kila pumzi,
hata machozi ya ubeti wa mwisho niliyatoa mimi,
maana machozi hayana noti.
Jaji mmoja aliandika kwenye karatasi ya maoni:
*Safu ya tatu, wa nne kutoka kushoto. Uso wake unaimba.*
Tukawa wa nne. Wanaoendelea ni watatu.
Nyevu alilia kutoka Mtwapa mpaka Vipingo, kisha akaomba mahindi.
Niliitaka ile karatasi, ya kumbukumbu.
Mwalimu aliikunja, akaitia mfukoni.
"Andika tu tulikuwa wa nne."

Agosti, likizo. Hakuna kikao.

Septemba Umazi hakurudi. Karo.
Tukakimwaga kisanduku kitandani:
elfu moja mia tisa na hamsini, na kile kifungo.
Swabaha na Dzame wakakipeleka kwa mhasibu.
Alihesabu sarafu mara mbili, akapiga simu moja,
akaandika risiti,
akarudisha kifungo.
Jumatatu ya pili nilimtilia Umazi tiki
yenye mkia hadi ukingo wa ukurasa.

Novemba, usiku wa kuwaaga kidato cha nne.
Biskuti, soda ya kugawana, hotuba.
Stima ikapotea.
Mwalimu alikuwa nje na filimbi yake ya kutupa sauti;
ndani giza, na hakuna aliyejua pa kuanzia.
Ndipo nikahisi mguuni.
Hodi.
Hodi.

Nikaanza mimi,
kwa do ambayo kinanda hakijapata kuwa nayo.
Dzame alicheka, siwezi kuficha.
Halafu alto wakashuka kunitafuta,
soprano wakafuata, wakishikilia ukuta,
mpaka wote tukawa pale nilipo,
pabaya,
pamoja.
Stima iliporudi Mwalimu alikuwa mlangoni.
Alifungua mdomo. Hakutoa sauti.

Kumbukumbu zimesomwa na kuthibitishwa.
Marekebisho: Januari, kwenye waimbaji,
palipoandikwa *wawili* pasomeke *mmoja*.
Novemba: thelathini na wawili.
Paachwe palivyo.