Kipande cha Felisita

Siku ya nne alikataa uji.
Wa mtama, vuguvugu, kama aupendavyo;
akageukia ukuta kama mtoto aliyenuna.
Maji yenyewe aliyalowesha midomo tu.

Bazirake akapanda kilima kutoka kigangoni,
suruali imelowa hadi magotini
kwa umande wa viazi vya Kabale.
Kifuani, chini ya shati, kijaluba cha chuma
kimefungwa kwa kamba ya kiatu.
Yeye mcheshi wa sokoni, leo hakusalimia mtu,
alipita kama aliyebeba kaa la moto kiganjani.

Tukatandika kitambaa cheupe juu ya kreti ya soda,
mshumaa mmoja, umepinda.
Mimi mlangoni, nusu ndani, nusu nje.
Miaka sita sijaisogelea meza ile;
sababu naijua mimi na paa hili.

“Mwili wa Kristo.”
Alikuwa ameuvunja: kipande sawa na ukucha wa mtoto,
kinaelea kwenye kijiko cha maji.
“Amina,” akajibu bibi,
sauti ya kutoka ghala lipi, sijui.
Koo likapanda. Likashuka.
Mvua ikaanza kugonga mabati.

Kisha akafumbua macho,
akatutazama mmoja mmoja
kama alivyotuhesabu asubuhi za shule:
“Na ule uji uko wapi?”

Nikakimbilia jikoni, nikapuliza kuni mbichi,
machozi yakanitoka, nikasingizia moshi.
Nyuma yangu Bazirake anasuuza kijiko,
maji yale anayanywa yote, hadondoshi tone.

Nikakoroga.
Nikauliza, bila kugeuka,
Jumapili misa ni saa ngapi.