Bei ya Futi Moja

Kazi yangu mimi ni vyoo.
Uliza Mbita, uliza Sindo: futi thelathini
kwenye mwamba, na sijapoteza mtu wala ndoo.
Mama Akumu aliponipigia hakutaja mifupa.
Aliuliza mabega yangu yana upana gani.

Alinipima kwa kamba ya mbuzi, pale gatini,
watu wakitazama, kama fundi wa suti
au wa jeneza, nikashindwa kuamua.
Tulipokuwa majini ndipo akanitajia jina:
Ogweno, babu yake, mpagazi wa vita vya kwanza,
alichukuliwa na chifu ndoa ikiwa na miezi minne.

Handaki liko upande wa kisiwa usio na njia.
Walilitoboa wao, mwaka ambao Waingereza
walilala macho wakisubiri meli ya Mjerumani
itokeze kutoka Mwanza. Haikutokeza.
Mvua ndiyo ilikuja.
Mlima ukakaa chini, polepole, kama mtu aliyechoka,
na afisa akaandika kitabuni:
masanduku ya risasi kumi na mawili, yameokolewa kumi.
Wapagazi hakuandika. Wapagazi walihesabiwa
kwa mzigo, na mzigo ulikwisha tajwa.

Nikaingia kwa tumbo, tochi kwenye paji la uso,
kinyesi cha popo kimenifika viwikoni,
vuguvugu, kama majivu ya asubuhi.
Futi kumi na moja. Kumi na mbili.
Hapo mkono wangu ukashika kitu ilichokijua
ngozi kabla akili haijakijua.

Nilitoa mifupa mitatu ya paja, yote ya kushoto.
Yaani watu watatu; hata mimi wa vyoo naijua hesabu hiyo.
Na kisahani cha shaba cha kuvaa shingoni,
namba zimeliwa, imebaki saba peke yake.

Mama aliipanga mifupa juu ya leso.
"Yupi Ogweno?" nikauliza, mjinga mimi.

Yule kijana wa hospitali ya Kisumu, aliyekuja na glavu,
akasema siku hizi mambo ni rahisi:
mama ateme mate kwenye kichupa,
mfupa utamtambua mjukuu wake.
Mama akacheka mpaka akakohoa.

"Mate yangu hayamjui."
Ogweno aliondoka hana mtoto.
Nyumbani walingoja mavuno mawili ya mtama,
kisha wakazika yago badala yake,
lile tunda refu la mwegea, zito kama mtoto anayetambaa,
wakalifunga shuka, wakalililia kwa jina lake.
Bibi akarithiwa na mtu wa kuja, mwenye mbuzi wanne,
akazaa watano, na wote wakaitwa wa Ogweno.
"Mimi," akasema, "ni mjukuu wa tunda."

Kijana akakifunga kichupa chake.

Tukavuka nao ndani ya gunia la sukari.
Kwake, mwegea umesimama juu ya kaburi lile,
maana mbegu hazikujua kwamba ni maiti.
Matunda yananing'inia kwa kamba zake ndefu,
yakigongana kila upepo ukija.

Kuchimba najua. Mizizi ndiyo iliyonishinda.
Kila nilipoinua jembe aliniambia: siyo huo, zunguka.
Nikazunguka siku nzima. Shimo likatoka limepinda,
baya kuliko yote niliyowahi kuchimba,
aibu kwa fundi.
Tukawalaza watatu, bila kuchagua,
kisahani katikati, saba ikitazama juu.

Nilidai futi tano. Akalipa kumi na tano.
Usiku mke wangu akauliza nanuka nini.
Nikasema popo.