Magoti ya Kuazima

Mtu wa maabara alimrudishia vichupa vyote kumi na viwili:
damu ya kondoo imevurugika, imekuwa maji ya rosela.
"Unaisafirisha au unaichapa?"
Rosaura Llanquileo hakujibu. Alitoka nje
akaitazama pikipiki yake nyekundu
kama mtu amtazamavyo punda aliyelala njiani na mzigo.

Kutoka mashamba ya Gualjaina hadi Esquel ni kokoto tupu,
barabara imejikunja mikunjo midogo midogo
kama kaakaa la mbwa,
na shokapu za mbele, nyembamba kama miguu ya korongo,
kila tuta zinagonga: ngo!
Springi zimechoka. Oili imekuwa uji mweusi.
Akishika breki, pikipiki inasujudu.

Ovidio fundi alikuwa na mzoga uani,
Suzuki ya mashindano, ya manjano, imevunjika kiuno mlimani;
mwenyewe alitoka mzima, akanunua gari.
Nyuma imekwisha. Mbele, kumbe,
miguu miwili minene kama mikono ya mwoka mikate,
inang'aa, sili hazijavuja hata tone.
"Chukua," alisema. "Utaniletea ngozi mbili,
na jibini ya mama yako, ile yenye pilipili."

Lakini chuma hakivuliwi koti kikavikwa jingine hivi hivi.
Mhimili wa usukani ulizidi
kwa urefu wa ukucha wa kidole gumba.
Ukucha tu. Kwa chuma, ukucha ni ukuta.
Wakausukuma kwa jeki ya tani nane,
ukatoka ukilia kama jino.
Wakakereza bushi ya shaba,
beringi ya juu ya huyu, ya chini ya yule,
usiku mmoja, na wa pili, upepo ukipekua mabati,
kibuyu kikizunguka mkono kwa mkono;
mate, ndivyo wakiitavyo kinywaji hicho, wala si mate,
ni majani machungu ambayo ulimi huyazoea
kabla moyo haujakubali.

Nguo ya kuazima haisitiri, wanasema.
Magoti je?

Siku ya tatu ilisimama, imeinua kifua,
uso wa manjano, kiwiliwili chekundu,
kama jogoo aliyekopa kichwa kwa jirani.
Rosaura akapanda, akakandamiza kwa uzito wake wote.
Mbele ikashuka polepole,
ikapumua,
ikapanda polepole.
Akakandamiza tena. Na tena. Ovidio akacheka:
"Utaimaliza kabla hujaondoka!"

Kilichobaki mezani ni waya wa spidomita,
hauna pa kuingia kwenye gurudumu la mgeni.
Namba zikaganda: elfu themanini na moja, mia nne na sita.
Na Rosaura hulipwa kwa kilomita.

Jumatatu alifika maabara.
Damu imetulia chini, maji ya dhahabu juu,
na mpaka kati yao umenyooka kama upindo wa shuka.
Yule mtu aliinua kichupa dirishani, akakizungusha,
hakusema kitu, akachukua cha pili.

Mhasibu, Bwana Eleuterio, akafungua daftari.
"Kilomita ngapi?"
"Sijui."
"Sijui haina bei, Rosaura."
"Basi andika mageti. Nimefungua kumi na manne,
nimefunga kumi na manne,
na la tisa lina waya mbovu, limenichana."
Akamnyooshea kidole.
Eleuterio akakitazama kidole, akavitazama vichupa,
akalamba ncha ya penseli,
akaandika kitu ambacho hadi leo hajamsomea.

Kurudi, upepo wa magharibi ulimpiga usoni.
Mshale wa spidomita umelala kwenye sifuri.
Sifuri bondeni, sifuri mtoni,
na kokoto zinapita, zinapita
chini ya magoti ambayo hayamjui bado
lakini yanapiga.